Leo Kilio Iko ya Nani

Ukitoka mjini Lubumbashi kuelekea kiwandani kwetu, kitu cha kwanza unachokiona si bomba la moshi wala matangi ya asidi. Ni kitambaa. Kiko juu ya mlingoti mrefu, kimeshonwa mfano wa mkono wa shati uliokatwa, na upepo ukivuma kinajaa na kuonyesha unakoelekea. Wageni hukiita kifuko cha upepo. Sisi tunakiita kikwembe ya Mama, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kikwembe kweli, nguo ya kujifunga ya mwanamke, na mwenye nguo tulimjua.

Vifuko vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilikuwa vimekwama mpakani, na mwenye nguo hakuwa mtu wa kungojea mihuri. Alikwenda mtaa wa Kamalondo kwa fundi cherehani wake, akatoa kikwembe chake cha rangi ya machungwa, kile alichokuwa akivaa kwenye harusi, akamwambia akikate. Fundi akauliza kama ni gauni la mjukuu.

"Hapana," akamjibu. "Iko ya kuvalisha upepo."

Tulimwita Mama Sécurité. Alikuwa mkuu wa usalama kiwandani, mhandisi wa kemia aliyesoma akashiba, na mimi nilikuwa fundi wa mabomba chini ya macho yake kwa miaka mingi. Jina lake ninalijua. Ninajua pia alizaliwa wapi na babu yake alifanya kazi gani kwenye reli, lakini hayo kwetu husomwa mbele ya jeneza, na huyu ninayemwandika yu hai. Nitasema nilichokiona tu, na nitakisema kwa majivuno. Asiyependa majivuno aniwie radhi.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Kiwanda chetu kinasaga mawe ya shaba, kinayalowesha ndani ya asidi mpaka shaba itoke na kuingia majini, kisha umeme unaivuta ikagande juu ya mabati. Maelezo yake ni mafupi, hatari yake ni ndefu. Asidi inachoma nyama kimya kimya. Na kuna dawa nyingine humo ndani ambayo ikikutana na asidi hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ukiisikia harufu hiyo, ni hatari. Ukiacha kuisikia ghafla, ni hatari zaidi, maana gesi imekwisha kuua pua yako, na baada ya pua zamu ni yako. Mama alikuwa na msemo wake juu ya hilo, na kila aliyewahi kufanya kazi kwetu anaujua: "Harufu ikiisha, usishukuru Mungu. Kimbia kwanza, utamushukuru kule mbele."

Kabla hajafika, usalama wetu ulikuwa ukutani. Mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, TAHADHARI KABLA YA HATARI, halafu wapakiaji wakapanga magunia ya chokaa mbele ya ukuta mpaka likabaki neno la mwisho peke yake. Siku yake ya kwanza Mama alisimama pale, mikono nyuma, akasoma "hatari" kwa sauti, akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuyahamisha magunia. Alisema ukuta umesema ukweli, tuanze kutoka hapo.

Alianza na swali. Kila kundi lililotaka kufungua bomba, kuingia ndani ya tangi au kugusa pampu lilikutana naye kwanza, au na msaidizi wake, naye hakuuliza kama tumevaa glavu. Aliuliza: "Leo kilio iko ya nani?"

Msomaji ambaye si wa kwetu ajue kwamba kilio, huku, ni matanga yenyewe: viti vya kukodi barabarani, wanawake wameketi chini, bukari, ugali wetu, inapikwa kwenye masufuria makubwa, mjane amefunikwa kichwa. Swali lake lilikuwa hilo hilo. Kazi hii tunayotaka kuifanya sasa imekwisha kuua mtu, tuko matangani. Nani amekufa? Amekufaje? Mke wake ataambiwa nini?

Mara ya kwanza watu walirudi nyuma. Kwetu hutaji lufu, yaani kifo, ya mtu aliyesimama mbele yako, labda uwe mlozi. Vieux Kalenga, fundi wa pampu na mkubwa wetu wote kwa umri, alivua kofia ngumu akaiweka kifuani.

"Mama, kuita lufu hivi asubuhi, mbele ya bantu, haiko muzuri. Lufu inasikiaka."

"Lufu haina masikio, Vieux," akamjibu taratibu. "Inakuyaka ata ukinyamaza. Siye tu njo tuko na masikio. Sasa tusikilizane. Kilio iko ya nani?"

Mwishowe mcheshi mmoja wa kundi letu akasema basi kilio na kiwe chake, lakini jeneza liwe zuri na shemeji zake wasialikwe. Tukacheka. Mama hakucheka, alianza kuhoji. Umekufaje? Nimefungua maungio ya bomba, asidi imenirukia. Asidi ilitoka wapi, si mlisema bomba ni tupu? Ilibaki pale kwenye kona, chini. Juu ya nini ilibaki? Kwa sababu vali ya kumwagia imeziba. Nani anajua kwamba imeziba? Tukatazamana. Tulijua sote, maana ilikuwa imeziba tangu mvua zilizopita, ila kila mmoja alidhani ni habari ndogo.

"Na wa pili?" akauliza.

Hatukumwelewa. Akatueleza kwamba ajali haizoei kula mtu mmoja. Wa kwanza anaanguka, rafiki yake anamkimbilia bila kufikiri, na huyo ndiye wa pili. Ndani ya tangi hasa, alisema, wa pili ni mtu mwenye moyo mzuri. Kwa hiyo kila kilio chetu kilikuwa na maiti wawili, na ilitubidi kumtaja yule wa pili kwa jina, na kusema kwa nini alikimbilia. Tukimaliza tulizibua vali, tulifunga kufuli pale pa kufunga, tulipima hewa, naye alikuwa akisema, "Bon, kilio imeisha. Sasa tutumike."

Haukupita muda mrefu tukaanza kushindana. Kila mtu alitaka kilio chake kiwe na kona ambayo wenzake hawakuiona. Tulikuwa mafundi, na fundi anapenda kuonekana ana jicho. Mama alilijua hilo kabla yetu.

Jambo lingine alilolijua ni kwamba hatari hailali kiwandani, inarudi nyumbani na mtu. Mapipa ya plastiki yaliyoletea dawa yalikuwa yakitoka getini yakiwa matupu na kuuzwa mtaani Katuba, na akina mama wa Katuba wakahifadhi humo maji ya kunywa, na wengine wakapikia sherehe munkoyo, pombe yetu tamu ya mahindi, wakaimimina humo ipoe. Mama akaamuru kila pipa tupu litobolewe matundu kabla halijafika getini. Jumuiya nzima ya Katuba ilimtukana. Alikuwa anakaa huko huko, kwa hiyo matusi aliyapata akiwa njiani kwenda misa. Jumapili moja akaomba nafasi baada ya ibada, akasimama mbele na pipa moja lisilotobolewa, akamwaga humo maji safi kutoka kisimani kwa paroko, akalitikisa, akaweka kikaratasi cha kupimia, kikabadilika rangi mbele ya macho ya watu wote. Hakusema neno la kitaalamu. Aliuliza tu nani anataka kunywa wa kwanza. Wanawake wale wale waliomtukana ndio waliokwenda kutoboa yaliyokuwa nyumbani kwao, tena kwa hasira, kama watu waliodanganywa.

Kisha kulikuwa na bafu la dharura. Hilo ni bomba lenye mnyororo. Asidi ikikurukia unavuta, maji yanakumwagikia mwili mzima. Wakati wa kiangazi mabomba ya mjini hukauka, na wafanyakazi walikuwa wakijaza madumu yao pale ili waende na maji nyumbani. Mkuu wa idara akachoka, akaweka kufuli. Mama alipoiona ile kufuli hakuita mtu. Alichukua msumeno wa chuma kutoka kwenye sanduku langu, akaikata mwenyewe, kwa kuwa aliyejifunza kazi ya mkono haisahau, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi alisema neno moja la Kiluba ambalo sitaliandika. Baadaye akapanda ofisini kwa mkurugenzi, na kwa wiki kadhaa wakasikika wakizozana kwa Kifaransa. Aliposhuka tulikuwa na bomba jipya karibu na geti, la kujazia madumu tu. "Muntu mwenye kiu utamufungia maji namna gani?" alituambia. "Umupatie ya kunywa, njo atakuachia ya kuokoka nayo."

Nimemsifu vya kutosha, sasa nimseme kidogo. Alikuwa mbishi. Aliendesha gari vibaya kiasi kwamba walinzi wa geti walilifungua akiwa bado mbali. Alipenda viatu vizuri na alichukia kuvaa buti, akavaa buti kila siku na kila siku akalalamika. Kosa ulilomwambia alilisamehe hapo hapo. Kosa ulilolificha alilikumbuka hadi Noeli. Na nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilialikwa siku ya komunyo ya mjukuu wake, nikamkuta Mama Sécurité, yule yule, amesimama juu ya kiti cha plastiki kilichowekwa juu ya meza, anabadilisha balbu na umeme haujazimwa, huku binti yake ameshika kiti kwa hofu bila kusema chochote. Nikafungua kinywa. Akaniwahi.

"Fundi, hapa niko kwangu."

Nikafunga kinywa. Mganga hajigangi, nikajisemea, nikaenda kula.

Sasa nifike kwenye jambo lililomsumbua kuliko gesi. Mama alisema iko hatari moja kiwandani ambayo haina harufu, haina rangi, na hakuna chombo cha kuipima. Alichelewa kuiona, na ilipoonekana ilikuwa shingoni kwa Vieux Kalenga.

Vieux alikuwa anafungua pampu. Fundi mwenzetu, Mutombo, mtu mzima mwenye watoto lakini mdogo wetu kwa umri, alisimama kando na aliona saa ya presha haijarudi kwenye sifuri. Aliiona vizuri. Vieux akalegeza nati ya mwisho, asidi ikatoka na kumpiga shingoni na begani. Tulimbeba hadi bafuni, lile bafu lililokatwa kufuli, maji yakamwagika na kumwagika. Alipona. Kovu anatembea nalo mpaka leo, limeanzia sikioni likashuka ndani ya shati.

Mama alimketisha Mutombo kwenye ndoo iliyogeuzwa, akakaa naye kwenye ndoo nyingine.

"Uliona saa?"

"Niliona, mama."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Vieux eko kama baba yangu. Alinifunza kazi. Ningemwambia aje? Nilikuwa ninatafuta namna ya kuanza."

Mtu wa mbali angemcheka. Sisi hatukucheka. Kwetu, hasa kwa familia zilizoshuka kutoka kaskazini mwa Katanga, mdogo akiwa na neno zito la kumwambia mkubwa halirushi tu. Anapinda magoti, anapiga makofi ya polepole, anaomba njia. Mkubwa akiitikia, ndipo kinywa kinafunguka. Nimelelewa hivyo, nimelea watoto wangu hivyo, na sijutii. Lakini asidi haingoji makofi yaishe.

Wakuu wa kampuni walitaka Mutombo afukuzwe. Mama akakataa katakata. Alisema huyu hakunyamaza kwa uzembe, alinyamaza kwa malezi, na ukimfukuza itakubidi uwafukuze watu wote wenye wazazi wazuri. "Siye bakubwa njo tulimufunga kinywa," alisema. "Siye njo tutafungua."

Alichokifanya hakimo katika kitabu chochote cha usalama. Hakuzuia makofi. Aliyageuza. Alisema kila asubuhi, kabla ya kilio, aliye mkubwa kuliko wote katika kundi atapinda magoti mbele ya aliye mdogo kuliko wote, atampigia makofi, na atasema: leo ninakupa kinywa. Ruhusa inatolewa mapema, ya siku nzima, ili mtu asitafute namna ya kuanza. Na mkubwa akiambiwa simama hana ruhusa ya kuuliza kwa nini kabla hajasema neno moja: aksanti.

Wazee waligoma. Mmoja alisema atastaafu kwanza. Kila mtu alimtazama Vieux Kalenga, aliyekuwa amerudi kazini na bandeji shingoni.

"Miye nimupigie mutoto makofi," akasema Vieux. "Mama, dunia itageuka."

"Heshima si utumwa, Vieux. Hatuiondoi. Tunaipeleka mbele, isichelewe."

Vieux akagusa bandeji yake. Kisha akaenda mpaka mbele ya Mutombo, akashika goti kwa mkono kwa sababu lilimuuma, akalipinda, akapiga makofi. "Leo ninakupa kinywa," akasema. Mutombo alikwenda nyuma ya pampu akakaa huko mpaka alipoweza kurudi, na hakuna aliyemtania, hata yule mcheshi wetu.

Ninajua viwanda vingine vina mashine bora kuliko zetu. Sijui kimoja ambacho wazee wake wanapiga magoti kila asubuhi ili watu warudi nyumbani.

Iko siku tunayoijua sisi tu. Bomba la dawa lilipasuka karibu na asidi na harufu ile ya mayai ikatuingia. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi mdogo kuliko wote alinyanyua kiganja, vichwa vyote vikageukia mlingoti, tukaona kikwembe ya Mama kimevimba kuelekea ofisini, nasi tukaukata upepo kwa ubavu kama alivyotufundisha, wala hatukukimbia pamoja nao, maana upepo na gesi ni marafiki. Tulihesabiana kwenye uwanja wa mkutano, tukatimia. Hakuna aliyemrudia wa kwanza, kwa sababu hakukuwa na wa kwanza. Jioni kila mtu alikwenda kwake akala, na wake zetu hawakujua chochote. Hakuna redio iliyotutangaza. Kilio kisichokuwapo hakina viti barabarani wala wimbo, na ndiyo sababu ninakitangaza mimi hapa. Ile ilikuwa kazi yake.

Hata hivyo hakuridhika, na ninaijua sababu yake.

Alitujaribu. Ilikuwa karibu na kustaafu kwake. Tulikuwa tumefungua tangi moja kwa usafi, hewa haijapimwa, na makofi ya asubuhi yalikuwa yamepigwa kama kawaida. Mama akaja, mikono nyuma, bila kipima-hewa kifuani, akapita katikati yetu, akaweka mguu mmoja ndani ya tundu la tangi. Kundi zima lilimtazama. Msimamizi wa zamu akamshikia taa amulike vizuri. Akasimama vile, mguu ndani, mguu nje, akingoja. Kisha akautoa.

"Nyiye bote muko na kinywa," akasema. "Na mumeniacha nikufe."

Mtu akajitetea, akasema, "Lakini mama, weye njo mwenye sheria." Siku hiyo Mama alikula peke yake kantini, yeye ambaye daima aliketi kwenye meza yenye ubishi.

Kwenye sherehe ya kumuaga Mama, mkurugenzi alisoma hotuba ndefu ya Kifaransa, kwaya ikaimba, tukampa sanamu ya shaba. Aliposimama kujibu alisema maneno machache. Alisema tumejifunza kumsimamisha baba, kaka na bosi, lakini yeye hakuna aliyemsimamisha. "Siku muntu atanisimamisha miye, njo nitajua kazi yangu imeisha." Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kuagana. Mimi nilikuwa karibu, nikamwona hacheki.

Alibaki kwake Katuba, nasi tukaendelea. Kilio kiliendelea, makofi yaliendelea. Vieux Kalenga, yule wa kofia kifuani, ndiye aliyekuwa akiuliza swali kila asubuhi mpaka naye akastaafu. Baada yake wazee wa kundi tukawa sisi, na mimi sasa ndiye ninayepinda goti.

Mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali, tulishusha kikwembe cha zamani, kile kile cha kwanza, kutoka mlingotini. Jua lilikuwa limekila kikabaki rangi ya maziwa ya chai. Tukapandisha kipya, na vijana wakanituma nimpelekee Mama kile cha zamani. Nilikikunja vizuri, nikaenda nacho.

Nilimkuta uani. Amenenepa kidogo, magoti yamemchakaa. Amejifunga nguo ya kazi na amesimama juu ya tangi lake la maji la chini ya ardhi, mfuniko umefunuliwa nusu, ngazi imekwisha kushushwa ndani. Binti yake alikuwa ameshika kichwa cha ngazi upande mmoja, na kijakazi wao upande wa pili. Bomba la pampu lilikuwa limeziba chini, akanieleza baada ya kunisalimu, na nyumba haina maji. Tangi lilikuwa limefungwa kwa miezi mingi, limebaki tope tu. Anashuka mara moja, anazibua, anapanda.

Akaweka mguu kwenye ngazi.

Nilimtazama binti yake. Alitazama pembeni. Nilimtazama kijakazi, akatazama chini. Wote wawili walikuwa wameona, na wote wawili walikuwa wanatafuta namna ya kuanza. Tangi lililofungwa, tope linalooza chini yake, hewa ambayo hakuna aliyeipima. Mambo hayo alinifundisha yeye. Nyumbani kwake hajawahi kunipa kinywa, na sauti ya siku ya balbu ilikuwa bado masikioni mwangu.

"Mama," nikasema, "leo kilio iko ya nani?"

Akainua kichwa. "Fundi, niko kwangu."

"Najua. Viti tutavipanga hapa hapa barabarani." Nikaishika ngazi. "Kilio iko ya Mama Sécurité. Alishuka mu citerne ya kufungwa. Hakupima hewa. Ilikuwa kintu ya dakika moja. Bantu ya kiwanda banakuya, hakuna anayejua atawaambia bana yake nini."

Uso wake ukakunjamana. Nilijua uso huo. Walinzi na wakurugenzi waliukimbia. Mguu wake haukutoka kwenye ngazi. Aliponena, sauti yake ilikuwa ile ya kazini.

"Na wa pili?"

"Wa pili njo miye," nikamwambia. "Ukianguka, nitashuka kukufuata. Sitafikiri. Unanijua."

Upepo mdogo ukapita uani. Akanitazama, akaitazama ngazi, akautazama ule weusi chini yake. Akautoa mguu. Aliutoa polepole, kwa kuwa goti lilimuuma, na binti yake akashusha pumzi kwa sauti.

Sikujua nifanye nini, kwa hiyo nikamkabidhi kikwembe. Akakikunjua, akautambua mshono wa yule fundi wa Kamalondo, akaushika kwa kidole. Kisha akakiweka begani, akaja mbele yangu, akapinda yale magoti mabovu hadi nikataka kumshika, akanipigia makofi ya polepole.

"Aksanti," akasema.

Macho yake yalikuwa yamelowa, na yangu pia, sioni sababu ya kuficha. Akajigeuza, akapinda magoti tena, mbele ya binti yake. Na mara ya tatu akayapinda mbele ya kijakazi, aliyekuwa bado ameishikilia ngazi na hajui atazame wapi.

"Na hapa kwangu," akamwambia, "kuanzia leo ninakupa kinywa."